Alilotuambia Mtani wa Baba

Leeds, Uingereza

Kaka Kulwa,

Shikamoo. Ulitoka tumboni kwanza, mimi nikakufuata ukiwa umeshaanza kulia, basi pokea haki yako usije ukasema Ulaya imenipotezea adabu. Hapo Itetemia mmeamkaje? Mguu wa Mama unamruhusu kufika shambani, au bado anaamrisha kazi akiwa mlangoni? Mimi naendelea, ingawa kuendelea kwangu siku hizi kunahitaji maelezo, ndiyo maana naandika. Kwenye simu unanikatiza.

Kazi ni ileile, ghala la vifurushi. Babu zetu walibeba pembe kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani. Mimi nabeba viatu vya watu walionunua wakiwa wamelala kitandani. Upagazi haujatutoka, umepata paa tu.

Sasa nisikilize. Nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya goti. Daktari mwenyewe ni mama mpole, Mnaijeria. Akautazama uso wangu, akatazama umri, akaliacha goti na kuuliza baba yangu alikufa kwa nini. Nikasema, uzee. Akauliza, uzee wa wapi mwilini? Palepale nikaisikia kichwani sauti ya Mzee Mbeho, mtani wa Baba.

Unakumbuka uani kwetu, Baba anarudi tena kutoka chooni, na yule mtani wake Mgogo anamngoja na maneno: "Mnyamwezi, mawingu yote hayo na mvua hakuna? Halafu mnatucheka Wagogo kwa ukame!" Tulicheka mpaka Mama akaacha kupepeta. Baba alicheka kuliko wote, kisha akaketi taratibu, kwa upande. Mzee Mbeho aliurudia utani ule msimu mzima, na sisi tukaucheka msimu mzima.

Baba asingeweza kutuambia wanawe habari za chini ya mkanda. Alimwambia mtani. Naye mtani, asiyeweza kutuketisha na kutoa siri ya mwenzake, akatuambia kwa kupitia mlango pekee aliokuwa nao. Sisi tukadhani mlango ule ni wa kuchezea. Tulipompeleka Baba hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Hilo linaniuma kuliko sindano ninazodungwa.

Ndiyo, nadungwa. Damu yangu ilipimwa, wakachukua vipande vya tezi dume, wakakuta saratani. Wameikamata ingali ndani ya nyumba yake, haijatoka barazani. Napigwa mionzi. Uchovu upo, na aibu ndogondogo ambazo nitakusimulia tukizeeka zaidi.

Nilipokudokeza ulisema, "Hayo ni maradhi ya huko Ulaya, ya baridi na kuku wa sanduku. Mimi huku nakojoa kama punda." Nilicheka. Halafu nikaenda maktaba kusoma, na nilichoshindwa kukielewa nikamsumbulia daktari. Anasema saratani hii hutupata zaidi wanaume weusi, mara nyingi mapema kuliko Wazungu, na kwa wengine huja na hasira, ikasambaa haraka. Wameuchungulia uvimbe wenyewe: mabadiliko ya vinasaba yanayoonekana sana kwa Wazungu, kwetu ni machache; mengine ndiyo yamezidi kwetu; na hata askari wa mwili wanaouzunguka uvimbe hawapigani kwa namna moja. Ila hawajakubaliana ni kiasi gani kinatoka kwenye damu na kiasi gani ni kuchelewa, ufukara na mahali mtu anapoishi. Tena anasema weusi wakitibiwa mapema na kwa tiba ileile wanayopewa Wazungu, tofauti ya vifo hupungua sana.

Nikamuuliza, mweusi yupi? Karatasi yao ina kisanduku kimoja, na humo tumesukumiwa Mnyamwezi, Mmanyema, Mhabeshi na yeye mwenyewe. Tabora peke yake, kwa ile njia ya misafara, mtaa mmoja una damu ya kutoka Kongo mpaka Maskati. Akakubali kwamba hapo elimu yao ina shimo: uvimbe mwingi waliousoma ni wa Wazungu, wa kwetu ni kidogo sana. Akaomba kipande changu kibaki maabara. Nikakubali. Basi kuna nyama yangu hapa yenye ruhusa ya kukaa daima, na mimi mwenyewe bado naomba kuongezewa kibali.

Nilipomtajia kuwa nina pacha, aliacha kuandika.

"Mnafanana?"

Nikamwambia Mama alitufunga uzi mkononi ili ajue nani ameshanyonya.

"Basi mwambie leo."

Wataalamu na wabishane, damu au mahali. Wewe na mimi ni damu moja, mahali pawili, na mahali pamoja pameshapatikana ugonjwa. Punda si kipimo, kaka. Hata mimi nilikuwa punda, sikuwa na dalili hata moja.

Najua mdogo hamwamrishi mkubwa. Kwa hiyo nimempigia Mzee Mbeho. Amezeeka, ulimi haujazeeka. Nilimweleza yote. Akasema, "Baba yenu nilimtania mpaka akafa. Huyu nitamtania mpaka hospitali."

Atafika Jumatatu asubuhi. Atakutukana njia nzima, mpaka sokoni mbele ya watu. Cheka, ni haki yake, lakini safari hii tumsikilize. Hospitalini wanaanza kwa kupima damu kidogo ya mkononi tu.

Msalimie Mama, mwambie goti limepona. Huo si uongo. Shemeji, mkeo, mwambie matobolwa yake ya viazi vikavu yamefika, na Waingereza wa ghalani wanadhani natafuna magome ya mti. Shangazi yetu wa Igalula naye nimemkumbuka, hasa maombi yake. Mzee Mbeho mchinjie jogoo, asije akasema Wanyamwezi ni wachoyo. Atasema tu, lakini akiwa ameshiba.

Ulinitangulia kuja, nikakubali. Katika kuondoka hakuna ukubwa, kaka. Tungojane.

Pacha wako,
Doto