Kikombe Kisichoonjwa

Jumatatu, 2 Juni

Leo tena sindano imenishinda. Mkono unatetemeka, uzi unapita pembeni ya tundu. Sare za shule zimejaa kwenye kibanda changu cha ushonaji, na wazazi wa hapa Rubwera hawana subira. Mdomo mkavu. Kichwa kizito. Hivi ndivyo nilivyokuwa nilipokuwa nameza vidonge vya akili. Lakini niliviacha wakati wa Kwaresima, kwa sababu ya mkono huuhuu, na Mama na Kaka Deo niliwaambia waziwazi. Basi ni nini? Ugonjwa unarudi? Naogopa hata kuliandika neno hilo.

Jumatano, 4 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jioni jirani alitutembelea nyumbani Kimuli. Mama akamimina juisi ya ndizi. Akaonja kikombe cha jirani, akampa. Ndivyo tunavyofanya huku: anayekukaribisha kinywaji hupiga funda la kwanza, ujue hakuna baya ndani. Hata mtoto huonjewa. Changu akanipa hivihivi.

Nikamwomba aonje. Eti koo linamuuma. Koo lililomeza juisi ya jirani sasa hivi! Nikatoka nacho nyuma ya nyumba, nikamwaga taratibu kwenye mgomba. Chini umebaki ungaunga mweupe. Nikaulamba. Uchungu wa vidonge vyangu naujua.

Nikakumbuka jioni zote tangu Pasaka. Hakuna hata moja aliyoonja. Kuniwekea aliweza. Kumeza mwenyewe aliogopa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepanda bodaboda hadi kituo cha afya bila kumuaga mtu. Muuguzi wa wagonjwa wa akili alishangaa kuniona. Kumbe Deo ndiye huja kuchukua vidonge kwa jina langu, anasema mimi nimebanwa na cherehani. Mwongo mkubwa.

Nikamuuliza sheria inasemaje. Akanieleza polepole, nami nikarudiarudia nisisahau. Mtu mzima anayeelewa anachoambiwa huulizwa kabla ya kutibiwa. Huelezwa dawa ni ya nini na itamfanya nini. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Kuwahi kuugua akili hakumrudishi kuwa mtoto. Akiwa hatari kwake au kwa wenzake, ndugu wanaweza kuomba alazwe hata kama hataki, ila daktari ampime, na mahakama ina sehemu yake. Jikoni hakukutajwa popote.

Kisha akanigeukia mimi. Kuacha ghafla bila kumwambia daktari ni hatari, eti ningekuja kulalamikia mkono, kwani dawa nyingine zipo. Nikamkasirikia na yeye. Mwaka mzima hakuna aliyeniambia zipo nyingine. Hilo nalo nilistahili kuelezwa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimewaambia kwamba najua walichoniwekea. Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Deo ndiye aliyejibu kila kitu. Eti nimesahau mwaka jana nilivyotoka mbio nikasimama mbele ya magari. Sijasahau. Sijasahau pia kamba ya mbuzi waliyonifunga nayo mpaka hospitali. Alama bado ninazo mikononi.

"Kichaa haulizwi," akasema Deo. "Ukikataa, kamba ipo palepale."

Nikamjibu: "Niguse, kaka yangu, tukutane kwa hakimu."

Leo namchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Kamba ipo kweli. Imetolewa kwenye banda la mbuzi, imetundikwa kwenye mlango wa jikoni.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Sili cha nyumbani. Nimeshindia parachichi na karanga za dukani. Mama ameniletea ndizi na maharage, sahani ikapoa mlangoni. Alilia. Nikamwacha alie. Ni mama yangu mzazi na naogopa chungu chake. Hayo ndiyo waliyonifanyia.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa daktari. Mama kanifuata bila kualikwa. Tumekaa benchi moja kama watu wasiojuana.

Ndani, daktari alimwambia kwamba kunichanganyia dawa kwa siri kungeweza kuniletea balaa, kama daktari mwingine angeniandikia dawa bila kujua kwamba nameza hizo. Mama akatazama sakafu. Kisha daktari akaniuliza mimi. Mimi, si Mama. Ninataka nini? Swali lenyewe sikuwa nimelizoea. Nikasema nataka dawa isiyoninyang'anya sindano yangu. Akanieleza nyingine, na ubaya wake pia. Nikauliza maswali mpaka nikachoka. Nikakubali kuijaribu.

Tukiwa tunasubiri usafiri, Mama akasema jambo moja tu: "Niliogopa kukuzika, Koku."

Najua. Bado nina hasira.

Jumamosi, 14 Juni

Mkono umetulia kidogo. Nimemaliza sare mbili. Deo hasemi na mimi, na mimi sijamtafuta. Kamba imerudi kwa mbuzi. Sijui ni nani aliyeirudisha.

Kidonge kipya nilikimeza asubuhi, kwa maji, mwenyewe. Hakuna aliyesimama kuniangalia.

Jioni Mama alimimina juisi. Akainua kikombe changu. Akaonja, akameza. Kisha akanipa.