Duka Langu Limeonekana, na Mwanao Anakuja

Dukani, chumba cha nyuma
Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Limeonekana! Duka langu limeonekana kwenye simu za watu, la tatu kutoka juu, na aliyelifanya lionekane ni mwanao!

Mpendwa mdogo wangu, nisamehe, nimetanguliza habari kabla ya salamu kama mtu asiyefunzwa adabu. Hujambo? Shemeji hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anaamka amejikunja kama ndoano? Mimi mwili mzima. Goti la kukanyagia cherehani linalalamika asubuhi, lakini tangu lini goti likamzuia fundi?

Upweke tu ndio umenizoea. Tangu mwanao, huyu niliyemzaa mimi, ahamie kule kazini kwake, nyumba imekuwa kubwa. Bado napika kipimo cha watu wawili, halafu nakula kiporo siku mbili. Wateja wakishaondoka, naongea na ile sanamu ya kuvalisha nguo. Naiambia, "Leo umependeza." Hainijibu. Afadhali, ingejibu ningekimbia.

Mwanao unamjua. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya marehemu baba yake, akairudishia, ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Sasa anatengeneza tovuti za mahoteli na za mawakili. Mimi niliyeishia darasa la saba, nimezaa mtu anayengojwa na mawakili! Sijisifu, nasema kilichopo.

Basi mwaka huu akanitengenezea tovuti ya duka, zawadi. Sare za shule zimo, magauni yamo, hata picha yangu nikiwa nimeshika mkasi kama mkurugenzi. Nikautangazia mtaa mzima: andikeni "fundi wa sare" mtaniona. Wakaandika. Wakawaona mafundi wote isipokuwa mimi. Hata yule ambaye suruali zake hupasuka kabla mtoto hajafika shuleni, alikuwepo!

Jirani yangu mpiga picha, tunayemwita Bwana Najua, akaingia dukani na simu yake mkononi. "Mama Fundi, nimeipima tovuti yenu. Ile HTML, maandishi ya ndani yanayoishikilia, ina makosa arobaini na saba! Ndiyo maana mtambo wa kutafutia umewakataa." Alisema kwa sauti, na wateja sita walikuwa kwenye benchi.

Hapo, mdogo wangu, nikafanya upumbavu. Nikampigia mtoto palepale, spika iko juu, wateja wametega masikio. Nikamwambia amenitia aibu. Nikamwambia angekuwa fundi wangu ningemfukuza siku hiyohiyo. Akasema, "Sawa, Mama," akakata.

Wiki tano hakupiga. Yeye ambaye hakukosa Jumapili hata moja! Nikimwandikia, ananijibu neno moja, "Mzima." Ukitaka kujua ukimya una uzito, mwulize mzazi aliyejibiwa "Mzima" wiki tano. Nilikuwa naiweka simu juu ya cherehani nisije nikakosa mlio wake, nikashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Kumbe kule aliko alikuwa anayanyoosha yale makosa, moja baada ya jingine. Bwana Najua akapima tena, hakuona hata moja. Tukaandika "fundi wa sare". Hatumo! Bwana Najua akakuna kisogo, akasema labda mtandao umechoka.

Jumapili ya sita simu ikalia. Hata salamu hakutoa, sijui amerithi kwa nani.

"Mama, nimegundua. Yale makosa hayakuwa sababu. Ni kama mshono wa ndani uliopinda. Fundi mwenzako atakucheka, lakini nguo inavalika. Mtambo husoma hivyohivyo, mradi ukurasa unasomeka. Hautushushi kwa hilo."

"Sasa nini kimetuficha?"

"Mstari mmoja tu, tena hauna kosa lolote. Unauambia mtambo usituweke kwenye orodha."

"Nani mwenye roho mbaya kauweka?" Nilikuwa nimeshasimama.

"Wewe, Mama."

Unaijua kazi yangu. Nguo isiyo na kifungo cha mwisho naifunika shuka, hata bibi harusi mwenyewe hachungulii. Nilimwagiza mwanao aifunike tovuti vivyo hivyo mpaka nimpe ruhusa. Mara mbili aliniuliza, "Nifunue?" Nikamwambia bado, tungoje picha ya gauni la bluu. Picha ikaja, mimi nikaenda kutamba mtaani, ruhusa sikuitoa. Naye kwa kazi nyingi akasahau. Yaani niliwatuma watu wakatafute kitu nilichokifunika mwenyewe, kisha nikamgombeza mtoto kwa kuwa hakionekani!

Akauondoa ule mstari. Siku ya tisa, Bwana Najua akaja mbio na kandambili mguu mmoja: "Mama Fundi, wa tatu!" Duka zima likapiga makofi. Mimi nikaingia chumba cha nyuma nikalia, maana wa kushangilia naye hakuwepo.

Nikampigia, nikamwuliza atakuja lini. Akasema, "Wateja wako walinisikia nikigombezwa, Mama. Nitawatazama vipi?"

Nakusikia ukisema kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Basi nitaanza mimi. Nilimgombeza mbele za watu, siwezi kumwomba radhi kwenye simu kama mwizi. Wale wateja sita nimewaendea mlango kwa mlango, wamekubali kuja. Bwana Najua nimempangia kiti cha mbele asikie vizuri. Mwanao nilipomwambia, akasema, "Nitakuja, lakini Mama Mdogo awepo." Mdogo wangu, sasa neno liko kwako.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na wale mapacha wako; shangazi zao wa upande wa baba wasione wivu, sare za mapacha nimeshazikata mimi. Mungu awafunike kwa rehema, akufungulie njia ufike salama.

Njoo, usinitumie "Mzima". Tunawangoja nyote hapa dukani Jumamosi, tarehe 25 Oktoba, saa nne asubuhi.

Dada yako akupendaye na kukutamani,
Mama Fundi