Mizinga ya Lionja Imenyamaza

Lionja, Nachingwea
Septemba

Kaka yangu Yunusi,

Salamu zikufikie hapo Chinongwe, wewe na wifi na watoto. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kimepoa. Huku miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Mengine ndiyo yamenifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningelia tu.

Kaka, nyuki wamekwisha. Unajua mvua ya mwaka huu ilivyokatika mapema. Miti porini haikuchanua vizuri, mizinga ikawa miepesi kama vikapu vitupu. Sikurina hata tone. Niliwaachia asali yao yote, nikawawekea maji kwenye sufuria na vijiti vya kutulia wasizame. Nilijipa moyo kwamba mikorosho ikichanua watapona.

Ikachanua kweli, wakaanza kuvuma kama zamani. Kisha asubuhi moja nikawakuta chini ya mizinga, wengine wamekufa, wengine wanajizungusha mavumbini, kuruka hawawezi. Niliwazoa kwa mikono.

Watu wakasema ni wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa, kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe imeingia kwenye maji. Nami nikaamini. Nilikwenda kwa jirani yetu Limi, mmoja wa wafugaji hao, nikamtukana mbele ya watoto wake. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Dada, ng'ombe wetu bado hatujawaogesha. Kamuulize baba watoto wako."

Ndivyo nilivyojua. Ni shemeji yako Jamali. Alipulizia dawa ya wadudu kwenye mikorosho yetu jua limeshawaka, nyuki wako juu ya maua, na nilikuwa nimemsihi apulizie jioni wakisharudi mizingani. Hakukana. Alisema bomba la kupulizia lilikuwa la kuazima, mwenye nalo alilitaka kabla ya adhuhuri, na korosho zikiliwa na wadudu watoto watakula nini. Hilo nalielewa, kaka. Lakini alinisikia nikimlaani Limi humu nyumbani mwetu, akaendelea kula.

Nimerudi kwa Limi kumwomba radhi. Alinikaribisha kigoda. Watoto wake walikimbilia ndani waliponiona.

Uliahidi kuniletea kundi jipya la nyuki mvua zikianza. Usilete, kaka. Mwakani mikorosho itapuliziwa tena, na mume ni yule yule.

Nisalimie wifi sana, wabusu watoto. Mungu awatunze huko mliko.

Ni mimi mdogo wako,
Hafidha