Milio Arobaini na Nane kwa Dakika

Silibwet, Jumapili mchana

Kwa kaka yangu Josephat,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mguu wa Mama uwe haujaanza kuvimba tena. Huku mimi na watoto hatujambo. Mvua haipumziki na chai inachumwa kila siku.

Krismasi ulisema mbele ya watu kwamba biashara ya email si ya mtu aliyeishia darasa la nane, nifunge nirudi nyumbani. Sikukujibu kwa sababu Mama alikuwa amekaa hapo. Sasa nakujibu.

Taabu yangu unaijua, ni laini ya simu. Kompyuta ni nzima, modemu ni nzima, lakini ukiinua mkono wa simu unasikia tik, tik, tik, kama mtu anayegonga bati kwa ukucha. Modemu ikisikia hivyo inachanganyikiwa, na ikifika dakika ya tatu au ya nne inakata. Email fupi inapita. Kitu kizito hakipiti.

Nimegombana na fundi wa simu miezi mitano na kuandika barua tatu za malalamiko ofisini kwao. Mara ya mwisho alipanda nguzo ya barabarani, akasikiliza kwa simu yake, akashuka. "Mama, kwa nguzo yangu ni kimya. Kelele iko huko kwako." Nikamwambia kazi yake ni kupanda na kushuka tu, hata kima anaiweza. Watu walicheka sana.

Basi Jumatano akaja Mwalimu Chelangat, anayefundisha darasa la pili hapa. Amepata nafasi ya kusomea ng'ambo ualimu wa watoto viziwi. Fomu na vyeti vilitakiwa vifike kwa email kabla ya Ijumaa kuisha, la sivyo nafasi apewe mwingine. Bomet mjini mashine ya email ilikuwa imeharibika, na barabara ya Kericho ilikuwa imejaa maji. Alikuwa na mimi tu. Nikaskani kurasa nne, zikawa mega moja. Nilijaribu mara kumi na moja, ikakata mara kumi na moja. Alhamisi nikajaribu tena mara tisa. Mwalimu hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi ameshika bahasha yake, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Ijumaa asubuhi nilienda kuchukua maziwa kwa mwenye nyumba wangu, Mzee arap Rono. Alipokuwa anamimina nikasikia tik ukutani. Ni kile kisanduku kinachosukuma stima kwenye fensi ili ng'ombe wasiingie kwenye mahindi. Nikatazama saa nikahesabu: arobaini na nane kwa dakika. Nikakimbia dukani, nikainua simu: arobaini na nane.

Sasa usicheke. Waya wa simu yangu nani aliufunga kwenye hiyo fensi? Mimi. Zamani ulipita juu ya miti ya misaiprasi, matawi yakawa yanausugua. Huku kila kitu kinatundikwa kwenye fensi, nguo, magunia, hata majembe, nami nikaufunga kwenye nguzo thelathini na moja, nikajiona nimeokoa mbao.

Nikarudi mbio kwa Mzee, pamoja na Mwalimu aliyekuwa ameshafika dukani. "Mzee, zima fensi dakika ishirini."

"Nizime? Na ng'ombe tisa wakiingia kwa mahindi, jioni nitakamua hiyo kompyuta?"

"Nitasimama nao mimi," Mwalimu akasema.

Mzee akamtazama miguu. "Na hivyo viatu vya kanisa?"

Mkewe akamletea gambuti. Mzee akazima. "Lakini fanyeni haraka. Hiyo tik ikinyamaza, hawa wanajua."

Nikaiwekea modemu kipimo isikimbie, ishike mwendo wa biti elfu kumi na nne na mia nne tu kwa sekunde. Dakika ya nne ikapita. Dakika ya tisa nikasikia Mwalimu huko nje, kwa sauti ile ya darasa la pili: "Rudi! Wewe mweupe, nimesema rudi!" Dakika ya kumi na tatu, email ikaenda yote.

Ng'ombe mmoja alikula mahindi kumi na tisa. Mzee aliyahesabu, nami nikayahesabu tena.

Jana nimehamisha waya. Mita mia moja na arobaini, kipande kimoja bila kiungo, kwenye nguzo zangu mwenyewe, unavuka fensi mahali pamoja tu. Sasa napata elfu ishirini na nane na mia nane, na haikati. Mchana huo huo likaja jibu la Mwalimu: wameipokea. Alilisoma mara mbili amesimama, halafu akarudisha gambuti.

Kesho naandika barua ya nne kwa ofisi ya simu, ya kufuta zile tatu, na nitampelekea fundi mwenyewe aisome kwanza. Hiyo ni nzito kuliko mega moja.

Nisalimie Mama, mke wako, shangazi mfuga kuku, na mdogo wetu anayeimba kwaya. Laini yangu ni kimya, Josephat. Sirudi.

Dada yako,
Florah