Wapandaji Wamehamia Uwanja Mwingine

Uarabuni, kwenye mazizi ya farasi

Dada Nyangeta,

Shikamoo dada. Hamjambo hapo Kamunyonge, wewe na watoto? Na mama kule Nyamuswa, goti limepata nafuu? Anafika kanisani mwenyewe? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umebanwa. Barua hii naipitisha kwa dereva wa Bunda anayerudi nyumbani, maana simu zetu bosi anazikagua.

Najua mnanisubiri kwa harusi ya mdogo wetu Wegesa. Sikiliza yaliyonipata.

Hapa farasi wanashindanishwa kwa mwendo wa madaha, si mbio. Farasi anatembea, anageuka, anainua miguu kwa mpangilio, majaji wanatoa alama. Zamani wapandaji walikuwaga wengi. Lakini mchanga wa uwanja umeshindiliwa umekuwa mgumu kama barabara, una mashimo, na feni za mazizini zimekufa. Bosi hatengenezi. Mji wa pili wamejenga uwanja wenye paa na mchanga laini, basi watu wakaanza kuhamia huko mmoja mmoja.

Shindano lililopita alikuja mama mmoja mpandaji ambaye hakuwahi kutukosa. Akaingia uwanjani kwa miguu, akakanyagakanyaga, akachutama akaugusa mchanga.

"Magesa, farasi angekuwa wako, ungempitisha hapa?"

Nikainamisha uso nikatazama mashimo. Bosi alikuwa amesimama pale pale.

"Basi nimeshajibiwa," akasema. Akamrudisha farasi wake kwenye lori hata tandiko hajamvisha. Wenzake walipoona hivyo, nao wakafungasha.

Jioni nikaenda kuomba pasipoti yangu, kwa sababu mkataba umeisha.

"Umewafukuza kwa uso wako huo," bosi akasema. "Uwanja ukijaa tena, utaondoka."

Nikamwambia, "Bosi, baba yetu alishafariki. Mimi ndiye wa kumtoa bibi harusi." Akanifungulia mlango nitoke.

Yule mama amenitumia ujumbe kwa dereva: kazi ipo kule uwanja mpya, niende. Niende vipi? Getini kule wanadai karatasi, na pasipoti yangu anayo bosi. Wao mchanga usipowafaa wanapakia farasi, wanaondoka. Mimi kila asubuhi naumwagilia ule ule, na jua linaukausha kabla sijamaliza.

Dereva atapita ubalozini kabla ya kupanda ndege, awape jina langu. Natumaini, ila siwezi kuwaahidi. Kwa hiyo, dada, harusi msiisogeze tena. Mjomba Wambura ashike nafasi yangu.

Nisalimie shemeji huko mwaloni kwa wavuvi, mchungaji wa mama, na majirani waliotusaidia kwenye msiba wa baba. Mama mwambie nakula vizuri.

Wegesa umsomee wewe mwenyewe, asisikie kwa mtu mwingine. Asije akadhani nimekataa kuja.

Mdogo wako niliye mbali,
Magesa