Rangi ya Kiwandani

Zeeland, Michigan
13 Machi 1997

Mwanangu Lyle,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua chako kimeacha kukusumbua na mvua za huko Tacoma. Mimi sijambo. Goti linalia likipenda, theluji bado imerundikana kando ya gereji, lakini nakula, nalala, na Jumapili nipo kanisani kwenye kiti changu.

Sasa kaa chini usome. KIFAA NIMEKIPATA. Kiko hapa, mezani, mbele yangu ninapoandika.

Ulisema yule Bwana Tubergen wa Allegan hatumi kitu kwa posta wala haongei bei kwa simu, anataka mtu aje mwenyewe ampe mkono. Basi nilikwenda. Rafiki yangu Alida alisema nina wazimu, mwanamke wa umri wangu kuendesha gari kwenye barafu kwa ajili ya chuma. Nikamwambia, "Alida, mwanao akikutuma chuma, ufanye hivyo hivyo. Bahati mbaya wako hakutumi kitu."

Mzee yule ana sura ya mtu aliyenyimwa kifungua kinywa. Alinifungulia mlango nusu.

"Wewe ndiye mnunuzi?"

"Mimi ni mama wa mnunuzi."

"Mashine yenyewe mnayo, au mnataka kifaa cha kuweka kwenye kabati la kioo?"

"Mashine iko chini ya nyumba yangu, bwana. Mume wangu Gerben aliitumia kukereza miguu ya meza, na nusu ya Zeeland wanakula kwenye meza hizo mpaka leo. Mwanangu Lyle ana vifaa vyake vyote vya kupachika, hiki tu ndicho kimebaki. Amekitafuta tangu nywele zake zikiwa nyingi."

Hapo ndipo akafungua mlango wote. Akaniambia kiwanda cha Postma kilitengeneza vichache tu vya kuchonga msokoto kwenye mti kabla hakijafungwa, na hajaona kingine maishani mwake. Akakitoa kwenye gunia kwa mikono miwili. Lyle, nitakwambia ukweli, ni kichafu! Cheusi tii, kimeganda mafuta ya zamani, kinanuka kama nguruwe. Lakini nilijua ndicho, kwa sababu ulinichorea.

Kanisani wote wamekwisha kujua. Mchungaji mwenyewe aliniuliza, "Kwa hiyo Lyle anakuja?" Nikamwambia anakuja Julai, kwenye mkutano wa mashine kuukuu, na atakipachika mwenyewe kwenye mashine ya baba yake mbele ya watu. Tangu tulipomzika baba yako hujakanyaga hapa. Naanza kufua mapazia.

Ni mimi mama yako,
Mama

—

Tacoma, Washington
29 Machi 1997

Mama,

Hujambo? Mimi mzima, kifua kimepona, kazi nyingi.

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la posta, nikairudia garini, nikairudia tena jikoni. Mama, hujui umefanya nini. Kuna watu wanaandikiana barua nchi nzima wakiulizana kama kile kifaa kweli kiliwahi kutengenezwa. Wengine wanasema ni hadithi ya wazee. Nawe umekwenda ukakichukua kwa mkono wako! Nimewasimulia wenzangu wa jarida letu la wakusanyaji mashine, wanakuita Malkia wa Allegan.

Nakuja Julai. Nimeshaomba likizo. Tutaibeba mashine ya Baba hadi uwanja wa maonyesho, imekamilika, na kwenye kadi yake nitaandika jina lake: Gerben Wiersma, fundi. Sitaandika langu.

Mpaka hapo, nakuomba kitu kimoja. Kitunze, Mama. Kitunze kama mtoto mchanga. Kwa sasa sina kitu duniani ninachokitaka zaidi.

Mwanao,
Lyle

—

Zeeland
20 Mei 1997

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwangu na kwa wote wanaokuulizia, ambao ni wote. Je, u mzima? Unakula? Mimi goti limetulia, nadhani ni furaha.

Barua yako nimemsomea Alida, nimemsomea Duane Kooiker jirani, nimewasomea akina mama wote baada ya ibada, tukiwa kwenye kahawa. Pale pa Malkia wa Allegan nilisoma mara mbili. Kuna mmoja alisema, "Lo, malkia wa vyuma vibovu." Wanawe wawili wanakaa mtaa wa pili na hawaji hata kumkatia majani.

Sasa nikwambie nilivyokitunza. Ulisema kama mtoto mchanga. Unanijua mama yako. Kuna mtoto aliyewahi kutoka nyumba hii kwenda mbele za watu na uchafu shingoni? Jumamosi moja nilikitia kwenye beseni la zinki, maji ya moto na magadi, nikakisugua kwa brashi ya waya mpaka maji yakawa kama kahawa. Bado kikabaki na yale madoa meusi, na mistari mistari ya manjano imefifia, inatia huruma. Nikakipeleka kwa Duane, maana yeye ndiye anayepaka rangi matrekta ya watu wa huku. Akakipuliza mchanga kwa mashine yake mpaka chuma kikawa cheupe kama jino. Halafu akaniuliza, "Rangi gani, Bi. Wiersma?"

Nikasema nyekundu.

Lyle! Kinang'aa kama tofaa lililopakwa siagi. Duane alipaka mara tatu na hakuchukua hata senti, kwa heshima ya baba yako. Nimekiweka sebuleni juu ya kitambaa cha bibi yako, na Jumapili akina mama walikuja kukiona. Hata yule wa vyuma vibovu alikigusa kwa kidole. Nimekutilia picha yake humu. Ukifika Julai huna la kufanya ila kukipachika.

Mapazia yamekwisha. Godoro lako nimeligeuza. Niambie utafika siku gani nitengeneze keki ya lozi.

Wako akupendaye,
Mama

—

Zeeland
16 Juni 1997

Lyle mwanangu,

Habari za siku nyingi? Sijui kama barua yangu ya Mei ilifika, posta siku hizi haiaminiki. Picha uliipata? Labda unafanya kazi zaidi kwa sababu ya likizo. Sina haraka. Nataka kujua tu siku ya kufika, kwa ajili ya keki, na kwa sababu watu wananiuliza kila Jumapili na mimi si mtu wa kusema sijui.

Nitunzie afya yako.

Mama

—

Tacoma
27 Juni 1997

Mama,

Natumaini u mzima.

Picha ilifika. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliandika mambo ambayo mtu hamwandikii mama yake.

Ile nyeusi haikuwa uchafu. Ilikuwa rangi ya kiwandani. Mistari ya manjano ilikuwa dhahabu, ilipakwa kwa mkono kule Postma, na chini yake palikuwa na namba. Namba ile ndiyo iliyokuwa inasema kifaa hiki ni cha mwaka gani na kilitoka na mashine ipi. Hakuna mkusanyaji hata mmoja, hata mwanafunzi, anayegusa rangi ya kiwandani. Unapangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi. Kutu unaiacha. Uchafu unauacha. Kimekaa miaka sabini bila mtu kukiharibu, kikakaa kwako miezi miwili.

Umekiua, Mama. Na ulikiua ili akina mama wakione.

Nimewaambia wenzangu. Mmoja alicheka. Wengine hawakucheka, na hilo ni baya zaidi.

Unajua kwa nini Baba alikuwa akifunga kwa ufunguo mlango wa chumba cha chini? Hakuwa anaogopa wezi. Alikuwa anakufungia wewe, na ndoo yako.

Julai sitakuja. Siwezi kusimama pale na kitu chekundu.

Lyle

—

Zeeland
7 Julai 1997

Mwanangu,

Nakusalimu. Hukuniuliza goti, kwa hiyo sitakuambia.

Nimesoma barua yako. Sikumsomea mtu.

Ndiyo, baba yako alikuwa anafunga mlango. Unadhani sikujua? Nililala naye miaka arobaini. Nilikuwa nagonga kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na kahawa, na alikuwa anafungua, anachukua kahawa, anafunga. Na mashati yake nani aliyaondoa mafuta? Na wewe, ulipokuwa unatoka mle ukiwa mweusi kama bomba la jiko, nani alikusugua kabla ya Jumapili ili watu wasiseme mtoto wa Wiersma hana mama? Nilivyokisugua kile chuma ndivyo nilivyokusugua wewe. Sikujua namna nyingine ya kutunza kitu. Ungeniandikia, "Mama, usikiguse," nisingekigusa. Ni maneno mawili tu. Uliniandikia, "Kitunze kama mtoto mchanga."

Nilimpelekea Duane barua yako, ule ukurasa wa rangi tu, siyo wa ufunguo. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kuirudisha. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma akashika kichwa. "Bi. Wiersma," akasema, "kilichopulizwa mchanga kimekwenda." Alikuwa karibu kulia, na yeye ni mtu mzima.

Halafu Bwana Tubergen alikuja. Sijui nani alimwambia. Alisimama sebuleni na kofia mkononi, akakitazama muda mrefu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Nilingoja anitukane. Akaniomba kahawa. Akanywa, akasema, "Kahawa yako nzuri, mama," akaondoka, na nilimwona ameketi ndani ya gari lake kwa muda kabla ya kuliwasha.

Lakini sikiliza, Lyle. Kinafanya kazi. Alhamisi Duane alikipachika kwenye mashine ya baba yako, akawasha, akatia kipande cha mti wa jozi. Ukatoka mguu umesokotwa kama kamba, safi, tangu juu hadi chini. Nilisimama mle chini ya nyumba na vumbi la mbao likiniingia kwenye nywele na sikulifuta. Mashine ya baba yako haikuwahi kutoa mguu kama ule. Baba yako mwenyewe hakuwahi kuuona.

Njoo uone. Usije kwa ajili ya maonyesho. Acha kadi, acha wenzako. Njoo tu. Samahani kwa rangi. Nimeiandika hapa, sijui kama nimewahi kumwandikia mtu neno hilo.

Nimekwisha kuwaambia watu unakuja.

Mama

—

Tacoma
4 Agosti 1997

Mama,

Natumaini u mzima.

Bwana mmoja, Clay Maddox, atafika hapo Jumapili tarehe 17 asubuhi, na gari la mizigo na msaidizi. Ni mkusanyaji mwenzangu wa Ohio, na siku nyingine hana nafasi. Atachukua mashine ya Baba na vifaa vyake vyote vilivyo kwenye makabati, anitunzie mpaka nipate mahali. Baba aliniachia mimi, unajua hivyo. Sitaki kuacha kingine hapo.

Kile chekundu asichukue. Kaa nacho.

Tafadhali usisafishe chochote kabla hajafika.

Lyle

—

Zeeland
24 Agosti 1997

Mwanangu Lyle,

Salamu. Mimi ni mzima, na natumaini wewe pia.

Bwana Maddox alikuja kama ulivyosema. Ni mtu mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Lakini Jumapili, Lyle! Umekulia hapa. Unajua gari la mizigo likisimama mbele ya nyumba Jumapili asubuhi mtaa mzima unajua. Sikwenda kanisani. Tangu nikuzae sijakosa ibada isipokuwa kwa homa au maziko. Niliketi jikoni nikiwasikia wakiifungua vipande vipande na kuipandisha ngazi. Nilimpa supu ya njegere akaisifu. Akaniuliza kama mashine hii ilikuwa inatumika. Nikamwambia ilitumika Julai. Akanitazama kama mtu aliyesema jambo la aibu, kisha akaandika kwenye karatasi yake.

Sikusafisha kitu, kama ulivyoagiza. Hata walipokwisha kuondoka na sakafu imebaki na alama za miguu minne ya mashine, nilisimama na ndoo kisha nikaimwaga nje. Nimefunga ule mlango. Ufunguo nimeuacha humo humo mlangoni.

Sasa nina ombi, halafu sitakusumbua tena.

Jioni ile Alida alikuja mbio, bado amevaa kofia ya kanisani. "Rena, una nini? Kiti chako kilikuwa kitupu, na watu wanasema kulikuwa na gari." Nyuma yake alikuwepo yule mwingine, wa vyuma vibovu, amejifanya anaangalia maua yangu.

Nikasema, "Lyle alikuja."

Ilitoka tu. Nikasema ulikuja na rafiki, mmeichukua mashine ya baba yako ili ukaitumie mwenyewe huko kwako. Ndiyo maana nilikaa nyumbani, ningemwachaje mwanangu na kwenda kusikiliza mahubiri? Nikasema ulikuwa na haraka ya kurudi kazini, ulisikitika sana kutowaona. Alida alilia kidogo. Yule mwingine akasema, "Basi amefanya vizuri, Rena," na alimaanisha.

Alida ana anwani yako na huenda akakuandikia. Akikuuliza, usiniaibishe. Sikuombi kitu kingine. Sema ulikuja. Nimewaambia ulikula supu mabakuli mawili, na kwamba umeanza kuota mvi pembeni kama baba yako, na zimekupendeza.

Mama yako,
Mama