Bodi yangu kwenye kizuizi cha Bwera

Alhamisi, Bwera. Mvua tangu mchana, milima haionekani. Nakosea herufi bado.

Leo nimepanda lori la Hajji Abasi, jirani yetu wa Kasese, anayeleta saruji huku mpakani. Kwenye begi nilikuwa na bodi yangu: kompyuta ndogo isiyo na kasha, waya nje, betri, skrini ya ukubwa wa kiganja. Ndani kuna mfumo endeshi nilioandika mwenyewe kwa Rust, lugha isiyoruhusu programu kugusa kumbukumbu isiyo yake. Dada yangu ni nesi hapa. Nilitaka bodi ifuatilie joto la friji yake ya chanjo.

Karibu na mji, kizuizi. Askari akafungua begi.

"Hii iko nini?"

Hajji akaninong'oneza, "Mwanangu, sema ni redio."

Mungu anajua nilitaka kusema redio. Je, akitaka kusikia muziki?

"Ni kompyuta, afande. Programu yake nimeandika mimi."

"Bomu pia iko na waya. Washa!"

Nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi.

Nikakumbuka ile mistari michache niliyoiweka chini ya neno unsafe, pale ambapo lugha inaacha kunikagua na kuamini neno langu tu. Kama kosa liko pale, basi nimekwisha. Askari alirudi nyuma, akashika bunduki vizuri.

Kisha herufi zikatokea.

Kiini cha mfumo wangu, sehemu inayosimamia zote, nimekifanya kidogo makusudi. Skrini na kipimajoto kila kimoja kina programu yake, nje ya kiini. Nadhani mtikisiko wa lori ulilegeza waya wa skrini, programu yake ikafa, kiini kikaiwasha upya.

"Ilikuwa imekufa?"

"Sehemu moja tu, afande. Ingine haikuguswa."

Akanitazama sana. Halafu akatoa simu, akanipiga picha ya uso.

"Pita."

Miezi yote hii nimeomba kiini kifanye kazi hiyo mbele ya mtu. Leo kimefanya, na sikufurahi hata kidogo.

Picha ile ni ya nini? Ataionyesha nani?

Dada aliposikia habari ya picha, hakutaka hata kuigusa bodi. "Rudi nayo kwenu," alisema. "Ama uitupe." Sikumlaumu. Ana watoto.

Siwezi kuitupa. Kesho Hajji anarudi Kasese kwa barabara ile ile, nami nitakaa mbele, begi likiwa wazi magotini. Askari akiniuliza tena, nitamjibu ukweli ule ule. Naomba tu sauti itoke.